Msumeno wa meza kwa banda la nyumbani, umeme wa njia moja: nichukue upi?

Kihonda_Banda

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri kwa wanaotumia mashine za mbao, si kwa wanaoziuza. Wanaouza nimeshaongea nao, na kila mmoja ana mashine "orijino" ya mwisho iliyobaki dukani.

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kihonda, Morogoro. Ajira yangu ni maabara, mbao ni za jioni na wikiendi. Nilianza na stuli za nyumbani, nikaenda kwenye meza za kusomea watoto, sasa nina oda za vitanda vya deka na jirani mmoja anataka makabati ya jiko zima, juu na chini. Ninavyo drili, jigso, msumeno wa duara wa mkono na randa ya umeme. Kupasua mbao bado napeleka mashineni. Huko unapanga foleni na wenye fremu za milango, kijana anapasua huku anaongea na simu, na mbao niliyoomba inchi mbili inarudi ina inchi mbili mwanzo na moja na robo tatu mwisho. Hapo sijaongeza nauli ya bajaji.

Banda langu ni mita 3 kwa 5, sakafu zege, bati juu. Umeme ni njia moja (single phase), natoa waya nyumbani, kama mita 18. Nimetenga milioni moja na nusu, na nikibanwa sana naweza kuongeza kidogo.

Nina njia tatu mbele yangu:

Ya kwanza, mashine mpya ndogo za Kariakoo, zile za wati 1500 hadi 2000, bledi ya inchi nane au kumi, meza ya aluminiamu, miguu ya kukunja.

Ya pili, fundi wa kuchomelea hapa mtaani anasema atanitengenezea meza ya angle iron na mota ya hosipawa 3 ya mtumba, mkanda na pule. Anasema hiyo itapasua hata nguzo ya TANESCO.

Ya tatu, kaka yangu yuko Marekani, anafunga mzigo kila mwaka. Anasema kule mashine ni nzuri na bei ni nafuu, nimtajie tu.

Mbao zangu ni paini ya Mafinga kwa sehemu kubwa, mninga ikipatikana, na MDF na plaiwudi za makabati.

Nawasilisha.

Grenda_ni_Moja

Dada usipoteze hela. Chukua meza, toboa katikati, funga grenda kwa chini, weka bledi ya mbao, swichi unaifunga na mpira. Elfu themanini umemaliza. Mimi natumia mwaka wa pili sasa, vidole viko kumi.

MzeeWaKeko

Huyo wa grenda msamehe, lakini usimfuate. Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na bledi nyingi za mbao zimeandikwa mwendo wa chini ya hapo. Soma maandishi kwenye bledi yenyewe. Ukiifunga chini ya meza, swichi imebanwa na mpira, siku ubao ukibana utazima kwa mkono upi? Tuendelee.

Dada, mimi nimekaa Keko, Dar, kwenye mafundi wa mbao, miaka mingi, kwenye makochi na makabati, sasa niko Kibaha na banda langu mwenyewe la uani kama lako. Nitakwambia ninavyoona mimi, wengine watanipinga, ruksa.

Achana kwanza na wati. Duka zima litakuimbia wati. Mashine ya 1500 na ya 2000 zote zitapasua paini ya inchi mbili bila matata, na zote zitalia ukizisukumia mkongo mkavu wa inchi tatu. Kitu utakachokishika kila siku, kitakachokufurahisha au kukutoa machozi, ni fensi. Naisema ile reli ndefu unayoegemeza ubao wakati wa kupasua. Ile mbao yako iliyorudi inchi mbili mwanzo na moja na robo tatu mwisho haikuharibiwa na mota. Fensi ilikaa mshazari, au haikuwepo kabisa, kijana alifuata mstari kwa macho.

Kwa hiyo nenda dukani na futikamba, marker pen, na kipande cha mbao unachojua kimenyooka. Usione haya, hela ni yako. Mwambie muuzaji aitoe kwenye boksi. Isogeze fensi, ifunge, halafu pima kutoka kwenye fensi hadi kwenye jino la mbele la bledi, kisha hadi jino la nyuma. Ifungue, isogeze, ifunge tena, pima tena. Rudia mpaka muuzaji akuchukie. Fensi nzuri inarudi sambamba kila mara. Fensi mbaya inafunga mbele, nyuma inabaki inachezacheza; isukume kwa kidole gumba upande wa nyuma uone. Kuna mashine ambazo fensi inatembea kwa meno, unazungusha kitufe kimoja na mbele na nyuma vinakwenda pamoja. DeWalt ndogo zimejengwa hivyo, na kwa mtu wa banda dogo huo ni mfumo mzuri kuliko wati mia tano za ziada. Sina undugu na DeWalt. Ukipata nyingine yenye fensi inayorudi sambamba, chukua hiyo.

Kisha marker pen. Hakikisha plagi imechomolewa. Weka alama kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo hadi kwenye mfereji wa meza, ule unaopita kiongozo cha kukatia. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino lilelile liende nyuma, pima tena. Namba zikipishana sana, uliza kama zinarekebishika. Kama bledi imeshikwa kwa namna isiyorekebishika, iache palepale dukani.

Cha pili ni kisu cha nyuma. Ni lile bati lililosimama nyuma ya bledi, jembamba kidogo kuliko njia ya msumeno. Wengi wanalitoa siku ya kwanza wakidhani ni pambo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapoumia.

Paini ya Mafinga unayonunua barabarani mara nyingi bado ina maji. Ukiipasua, ile nguvu iliyojifunga ndani ya mbao inaachia, na pande mbili zinakuja pamoja nyuma ya bledi kama mdomo. Zikibana bledi, meno ya nyuma yananyanyua ubao na kuurusha kwako. Bledi ya inchi kumi ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda karibu kilomita 230 kwa saa. Ubao unaondoka kwa hasira hiyohiyo. Keko niliona kipande cha mbao kimetoboa bati la ukuta na kutokea kwa jirani, na aliyekuwa anapasua alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu. Kisu cha nyuma kinazuia ule mdomo usifunge. Tafuta mashine ambayo kisu kinapanda na kushuka pamoja na bledi, na kinaweza kubaki hata ukitoa kifuniko cha juu. Zile za zamani kisu na kifuniko ni kitu kimoja, kimesimama juu sana, ukitaka kuchimba mfereji usiotoboa lazima utoe vyote. Ukishatoa, wewe na mimi tunajua haturudishi.

Sasa fundi wako wa kuchomelea. Simdharau, nusu ya Keko imelelewa na mashine za namna hiyo. Lakini ziko pale kwa sababu pale kuna njia tatu na kuna mtu anapasua kutwa nzima. Mota ya hosipawa 3 ya njia moja ikiwa na mzigo inakula ampea 14 au zaidi, wakati plagi ya kawaida mwisho wake ni ampea 13. Inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo, taa za nyumbani zitakonyeza. Na mota nyingi za mtumba ni za njia tatu. Atakwambia ataweka kapasita iende kwa njia moja. Itazunguka, ndiyo, ila sehemu ya nguvu imebaki kwenye maneno. Kisha muulize kisu cha nyuma kitakaa wapi, na fensi itafungwaje. Akikuonyesha kipande cha angle iron na klempu mbili, umeshapata jibu.

Waya: usivute ekstensheni ya dukani mita 18. Vuta waya wa mm za mraba 2.5 kutoka kwenye meinswichi, wenye sakiti breka yake, pamoja na athi. Na kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu nafuu ya D1, ya matumizi madogo ya hadi uniti 75 kwa mwezi, angalia matumizi yako. Msumeno wenyewe hauli sana kwa sababu unawaka dakika chache chache, lakini ukijumlisha randa na drili unaweza kuvuka, na ukivuka, uniti za ziada zinakuwa na bei ya juu zaidi.

Bado sijagusa plaiwudi, nitarudi. Mjukuu anataka simu.

Mbongo_Columbus

Naomba nijibu kipengele cha kaka, maana mimi ndiye huyo kaka kwa watu wengi.

Mashine za huku ni volti 120, herzi 60. Hizi za kubebeka zina mota ya kaboni (zile brashi zinazoisha na kubadilishwa), na hiyo haijali herzi, unahitaji transfoma tu. Lakini mashine inavuta hadi ampea 15 kwa volti 120, yaani wati 1800. Kwa hiyo transfoma ya wati 1000 utaichoma, utafute ya 3000, na hiyo ni chuma kizito cha kubeba na si bei ya nyanya. Zile kubwa za mota isiyo na kaboni, yaani indaksheni kama ya mashine ya kusaga, ndizo zenye shida ya herzi: iliyotengenezwa kuzunguka mara 3,450 kwenye herzi 60 itashuka hadi karibu 2,850 kwenye herzi 50 zetu.

Halafu kuna tundu la bledi. Bledi za huku za inchi kumi zina tundu la inchi tano ya nane (5/8), karibu mm 16. Dukani Dar bledi nyingi ni tundu la mm 30 au 25.4. Kila bledi ikiisha makali utampigia kaka. Kaboni na swichi hivyohivyo.

Kuna kitu kimoja tu cha huku ambacho kingenishawishi, nacho ni SawStop. Bledi inapitishiwa umeme mdogo, ikigusa ngozi mashine inahisi, inapigilia kipande cha aluminiamu kwenye meno, na bledi inasimama ndani ya milisekunde tano na kuzama chini ya meza. Unabaki na mkwaruzo. Aliyeibuni ni Steve Gass, mwanafizikia ambaye pia ni mwanasheria wa hataza, na alianza nayo mwaka 1999. Bosch nao walileta yao ikaitwa Reaxx, wakashindwa kwenye kesi ya hataza, ikaondoka sokoni Marekani. Ila hesabu yake ni hii: ile ndogo kabisa ilipotoka mwaka 2022 ilikuwa karibu dola 900, na kila ikipiga breki unanunua katriji mpya, na bledi huwa imeharibika. Mbao mbichi sana au msumari unaweza kuidanganya ipige breki bure. Katriji hiyo Morogoro utaipata wapi?

Mwambie kaka atume hela, anunue mtu aliye Dar.

Kisauni_Seremala

Salamu kutoka Mombasa. Dada, wenzangu wamesema ya mashine, mimi nakuambia ya bledi, kwa sababu naona watu wanaweka laki nane kwa mashine kisha wanataka bledi ya bure iliyokuja ndani ya boksi ifanye kila kazi.

Ile ya boksi kwa kawaida ina meno 24 au 40. Ya meno 24 ni ya kupasua: nafasi kati ya meno ni kubwa, inatoa nyuzi ndefu za mbao, haichomi. Ukiitumia kukata plaiwudi kwa upana itachana uso wote. Kwa plaiwudi na MDF tafuta meno 60, na ile yenye melamini juu ni 80. Nunua mbili tu kwanza, 24 na 60, zenye ncha za kabaidi. Na zikichafuka utomvu wa paini zitaanza kuunguza mbao, watu wanasema zimeisha makali. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, sugua na mswaki wa zamani, utashangaa. Makali yakiisha kweli usimpe mtu wa tupa, kabaidi hainolewi na tupa. Inataka jiwe la almasi.

Huku kwetu mbao ni adui wa bledi. Mvule unakuwa na mawe ndani, chokaa nyeupe iliyojificha, huioni mpaka bledi ipige cheche. Mtiki una chembe za mchanga ndani yake. Mnazi ndio usiseme, ile sehemu ya nje ya gogo ni kama kukata kigae. Ukipata kazi ya mbambakofi, nyinyi mnaita mkongo, punguza mwendo wa kusukuma, usiilazimishe mashine ya nyumbani.

Halafu stima ya jioni. Kwetu volti zinashuka ikifika saa moja watu wakiwasha kila kitu. Mashine ikianza kuvuta pumzi, iache. Ndiyo muda wa msasa na gundi.

MzeeWaKeko

Nimerudi. Seremala wa Kisauni kanipunguzia kazi.

Plaiwudi na MDF. Shiti ni futi 8 kwa 4. MDF ya mm 18 ina uzito wa karibu kilo 40. Meza ya hizi mashine ndogo haifiki mita moja. Wewe peke yako na shiti hiyo juu ya meza hiyo, ikianza kuinama upande mmoja inabana kwenye bledi, tunarudi kwenye lile bati la jirani. Usipasue shiti zima kwenye msumeno wa meza wa banda la mita 3 kwa 5. Hata nafasi huna: unahitaji mita mbili na nusu mbele na mita mbili na nusu nyuma, hapo ukuta umeshafika.

Umesema unao msumeno wa duara wa mkono. Basi umeshamaliza nusu ya kabati. Laza magodoro mawili chakavu au vipande vya foam chini sakafuni, laza shiti juu yake, funga ubao ulionyooka kwa klempu mbili kama reli, na upitishe msumeno wa mkono ukiwa umeshusha bledi mm chache tu chini ya shiti. Pata vipande vikubwa kidogo kuliko vipimo vyako. Hivyo ndivyo unavyovipeleka kwenye msumeno wa meza kuvipata sawasawa. Ubavu wa kabati la chini ni sentimita 56 hivi kwa 72, huo mashine ndogo inaumudu vizuri.

Na hii inabadilisha swali lako la mwanzo. Ukishakubali kwamba shiti zinakatwa sakafuni, huhitaji mashine kubwa. Unahitaji fensi inayofika sentimita 60, basi. Kuna ile DeWalt ndogo ya bledi ya mm 210, fensi yake inafika sentimita 62. Kuna Makita za bledi ya mm 260, zinaingia kina cha mm 93, hizo zinafaa mtu wa mbao nene. INGCO na TOTAL nao wana za wati 1500 za bei ya chini zaidi. Hizo usinunue kwa picha, ndizo za kupima fensi kipande kimoja kimoja dukani, maana mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana.

Kihonda_Banda

Wakuu, sijui niwashukuruje. Kaka nimeshamwambia atume hela badala ya chuma. Amecheka, amesema ndivyo tulivyo.

Kwa mzee wa Keko: magodoro nimeelewa, kesho naanza. Maswali yamebaki mawili. Moja, miguu ya deka naipenda inchi 3 kwa 3. Bledi ya mm 210 inaingia mm 65 tu, na inchi tatu ni mm 76. Je, hiyo si sababu ya kuchukua kubwa? Pili, vumbi. Mimi ni mtu wa maabara, najua vumbi la mbao IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliliweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, na mninga hunipigisha chafya hata kwa msasa wa mkono tu. Banda liko karibu na dirisha la watoto.

Halafu Grenda_ni_Moja, vidole vyako kumi ni hesabu ya mpaka leo tu. Namba yetu ya maabara ya damu nitakutumia inbox.

Grenda_ni_Moja

😂😂 Dada umeniua. Swichi nimetoa mpira.

MzeeWaKeko

Mguu wa inchi tatu unapasuliwa mara mbili. Pitisha, geuza uso wa juu uwe chini huku upande uleule ukiegemea fensi, pitisha tena. Ukigeuza namna hiyo njia mbili zinakutana. Fensi yako ikiwa sambamba hutaona hata mstari, randa inamaliza. Fensi ikiwa mbaya utaona ngazi katikati ya mguu, kwa hiyo huo ndio mtihani wake mwingine. Mkato wa kwanza usipite nusu sana, mm 45 hivi inatosha, na kisu cha nyuma kibaki.

Ila niseme ukweli, miguu ya deka mimi siipasui kwenye mti mmoja mnene. Naunganisha mbao mbili za inchi moja na nusu kwa gundi, nazifunga klempu usiku kucha. Mti mnene wa paini ya Mafinga utapinda ukikauka, na utapasuka ufa wa kwenda katikati. Mbao mbili zikigeuziwa mishipa zinashikana, kitanda hakilii mtoto akigeuka usingizini. Kwa hiyo hapana, miguu si sababu ya kuchukua mashine kubwa. Sababu ingekuwa kama ungekuwa unapasua mbao za inchi tatu kila siku, nawe umesema makabati.

Vumbi: mashine hizi zina tundu la kutolea vumbi nyuma. Funga hapo mfyonza vumbi wa aina ya karakana, si ule wa nyumbani wa kapeti, utaziba siku ya kwanza. Pungufu ya hapo, ndoo kubwa yenye mfuniko na bomba inapunguza chembe kubwa, ingawa vumbi laini litabaki hewani. Hilo ndilo baya, kwa hiyo barakoa ya N95 na siyo ya kitambaa, na ukimaliza kupasua toka nje robo saa kabla hujaivua. Fungua upande wa banda usioelekea dirisha la watoto. Na MDF kata nje kabisa, uani, upepo ukiwa unakwenda kwa jirani usiyempenda.

Glavu usivae kwenye msumeno wa meza. Najua zinaonekana kama kinga. Jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono wote. Mikono mifupi, kanga ibaki ndani, na vijiti viwili vya kusukumia vikae mahali unapovifikia bila kuangalia. Simama kidogo kushoto kwa bledi, usisimame kwenye njia ya ubao.

Kihonda_Banda

Mrejesho. Nimechukua ile ya mm 210, yenye fensi ya meno. Dukani nilipima mbili, muuzaji alianza kuninunia kwenye ya kwanza, ya pili akanisaidia kushika futikamba. Waya wa 2.5 umeshavutwa na sakiti breka yake.

Nimeiweka juu ya meza niliyoichonga, nimepima kwa kaliba (kifaa cha kupima sehemu za milimita) ya maabara iliyostaafishwa. Kutoka mfereji wa meza hadi jino lenye alama: mbele inasoma mm 96.4, nyuma mm 96.0, bledi iko kushoto mwa mfereji. Fensi iko kulia, na yenyewe iko sambamba na mfereji kabisa. Nusu milimita kasoro, nihangaike nayo au niache?

MzeeWaKeko

Usiiache. Maana yake bledi ina mshazari, nyuma imeusogelea mfereji, na fensi yako iko upande huohuo wa kulia. Ubao utabanwa kati ya nyuma ya bledi na fensi. Ingekuwa kinyume chake, nyuma imeachia kidogo, ningekwambia pasua tu.

Chomoa plagi. Inua bledi mpaka juu. Kitabu kitakuonyesha bolti zinazoishikilia mota na bledi kwa chini. Zilegeze kidogo tu, mpaka kitu kianze kusogea kwa shida. Gonga kwa kipande cha mbao, usigonge kwa nyundo tupu, upande wa nyuma uondoke mbali na mfereji. Pima kwa jino lilelile. Kaza bolti moja, pima, kaza ya pili, pima, kwa sababu kukaza nako kunavuta. Ukifika tofauti ya mm 0.1 umeshapita viwanda vingi vya Keko.

Ukimaliza hapo ndipo uipime fensi upya, na kisu cha nyuma kikae mstari mmoja na bledi. Weka rula ndefu iguse meno na bati kwa pamoja.